Somo la Kumi na Saba: Mgonjwa Asiyeonekana Kuwa Mgonjwa



Jioni ya leo twazungumza juu ya watu ambao labda wameketi karibu nanyi hivi sasa, mbele ya redio hiyo hiyo, nanyi hamjui kwamba ni wagonjwa. Hawana kidonda. Hawana bendeji. Hawachechemei. Juzi waliuza makala sokoni, au walikwenda shule, au waliimba katika kwaya. Leo wamelala chini wakiuma meno kwa maumivu ya mifupa. Kesho kutwa mtawaona tena barabarani, kana kwamba halikuwapo jambo lolote. Na kwa sababu hiyo watu husema juu yao neno moja ambalo ni chungu kuliko dawa: «Anajifanya.»

Magonjwa ya namna hii ni mengi. Kuna kisukari, kuna kifafa, kuna magonjwa ya moyo. Lakini hapa kwetu Kisangani, toka Makiso hata Mangobo, toka Kabondo hata ng'ambo ya mto kule Lubunga, uko ugonjwa mmoja unaoingia katika nyumba nyingi, nao humshika mtu utotoni na kumfuata siku zote za maisha yake. Waganga wa hospitali huuita drepanositozi. Katika Kiswahili cha vitabu huitwa ugonjwa wa selimundu. Mitaani watu husema herufi mbili tu, «SS», na mara nyingi huzitamka kama tusi.

Yatupasa kueleza kwanza ugonjwa huu ni nini. Tumeona mara nyingi ya kuwa penye ujinga wa jambo, hofu hujaza nafasi yote.

Damu ya mtu ni nyekundu kwa sababu imejaa chembe ndogo mno zisizoonekana ila kwa hadubini. Kazi yake ni kuchukua hewa ya uzima, yaani oksijeni, kutoka mapafuni na kuipeleka katika viungo vyote. Kwa mtu mzima wa afya, chembe hizo ni za mviringo na laini. Hujikunja kidogo na kupenya katika mishipa myembamba sana. Lakini kwa mtu mwenye SS, kitu kile kibebacho oksijeni ndani ya chembe kina kasoro. Kikiisha kutoa oksijeni yake, hushikamana kikawa kama nyuzi ngumu, na chembe yote hupinda ikafanana na mundu wa kukatia majani. Basi chembe hizo ngumu hukwama katika mishipa, kama magogo yanavyokwama kati ya mawe pale penye maporomoko ya Wagenia, na yale yanayofuata hujilundika nyuma yake. Kiungo kilicho mbele hukosa hewa, nacho hulia. Kilio hicho ndicho maumivu anayoyasikia mgonjwa katika miguu, mikono, kifua, mgongo na tumbo.

Tena chembe nzuri huishi kiasi cha siku 120, lakini ile iliyopinda hufa baada ya siku 10 au 20 tu. Mwili hauwezi kutengeneza damu mpya kwa upesi huo. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu, huchoka mapema, na macho yake huonekana ya manjano. Wengine wakiyaona macho hayo husema kwamba amelogwa. Hakulogwa. Ni rangi inayotoka katika chembe za damu zilizovunjika.

Sasa, ugonjwa huu hutoka wapi? Kila mtu hupokea urithi wa damu yake katika sehemu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Aliyepokea sehemu njema mbili huitwa AA. Aliyepokea moja njema na moja yenye kasoro huitwa AS. Huyo kwa kawaida si mgonjwa, wala hajui kama anayo, mpaka apimwe. Aliyepokea kasoro kwa baba na kasoro kwa mama ndiye SS. Wazazi wawili wa AS wakioana, kila mimba ina bahati moja katika nne ya kuwa SS. Twasema kila mimba. Mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, hiyo haiwakingi watatu wanaofuata.

Uchunguzi wa watoto wachanga 520, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba hapa Kisangani kiasi cha mtoto mmoja katika mia huzaliwa na SS, na zaidi ya mmoja katika watano huzaliwa AS. Hebu, ninyi mlio kanisani siku ya Bwana, hesabuni watu wa benchi moja. Huenda mmoja wao au wawili wanachukua urithi huu bila kujua.

Labda msikilizaji atauliza: Kwa nini jambo baya hivi limeenea katika nchi zetu? Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa uchunguzi alioufanya Kenya na Uganda ya kuwa watoto wa AS huokoka na malaria kali kuliko wengine. Kwa hiyo, katika nchi za mbu wengi, wenye AS waliishi, wakazaa, wakaacha urithi huo kwa wana wao. Kinga ya wengi imelipwa kwa maumivu ya wachache. Jambo hili twaliona zito, nasi hatutaki kulipitia kwa maneno mepesi.

Hapa twataka kusimama kidogo, kwa maana hapa ndipo dhambi huingia nyumbani kwa jina la dawa. Mtoto akiugua kila mwezi, akavimba vidole, akawekewa damu mara tatu kwa mwaka, jamaa huanza kutafuta mwenye kosa. Mara nyingi hupatikana mama. Huambiwa kwamba tumbo lake lina mkosi, akarudishwa kwao. Nyumba nyingine humpata mtoto mwenyewe: huitwa ndoki, hupelekwa kwa waombeaji, hunyimwa chakula siku nyingi, naye ni mtoto ambaye kiu peke yake yatosha kumletea maumivu makali. Wako hata wanaomwambia mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani. Twasema wazi: aliyefanya hivyo hakumponya mtu.

Ewe baba wa nyumba, sikiliza. Herufi S moja ya mtoto wako imetoka kwako. Mama hawezi kumzaa mtoto wa SS peke yake.

Wanafunzi wa Bwana wetu nao waliuliza swali la namna hii walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Mwayajua majibu waliyopewa. Si yeye, wala si wazazi wake. Na katika kitabu cha Ayubu, rafiki zake watatu walifanya vema kwa siku saba mchana na usiku, walipoketi naye chini bila kusema neno. Ubaya ulianza walipofungua vinywa na kumtafutia kosa.

Hatuwezi kuwalaumu watu wengine na kujiacha sisi wenyewe. Miaka ya nyuma, katika masomo kama haya, tulifundisha kwamba mgonjwa mwema ni yule asiyelalamika. Kisha mama mmoja akatuambia, kwa upole mwingi, ya kuwa binti yake alikuwa amelisikiliza somo lile, akaficha maumivu ya kifua siku mbili ili awe mgonjwa mwema. Alipofikishwa hospitali alikuwa hawezi kupumua vizuri. Alipona, shukrani kwa Mungu. Tangu siku ile hatufundishi tena hivyo. Kwa mwenye SS, maumivu ya kifua, homa, weupe wa ghafula wa viganja na midomo, tumbo kuvimba upande wa kushoto lilipo bandama, au mkono na mguu kulegea kwa ghafula, yote haya ni ya kusemwa saa ile ile, tena kwa sauti. Kulia si kukosa imani. Zaburi nyingi ni kilio.

Je, mtu wa namna hii aweza kuwa na furaha? Wengi huwaza kwamba furaha itakuja baada ya kupona. Hatutawadanganya. Kwa wagonjwa karibu wote wa kwetu, kupona kabisa bado hakujafika. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu matibabu ya kwanza ya kurekebisha urithi wenyewe wa damu, lakini huko Marekani bei yake yapita dola milioni 2 kwa mtu mmoja. Tufurahi kwa ajili ya wanaoyapata, kisha turudi kwetu.

Kwetu kuna habari nyingine, ndogo kwa sauti lakini kubwa kwa kazi yake. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi juu ya dawa iitwayo hidroksiyurea, waliyopewa watoto zaidi ya 600 katika miji minne: Kinshasa hapa Kongo, Luanda katika Angola, Kilifi katika Kenya, na Mbale katika Uganda. Mmoja wa waganga walioongoza kazi hiyo ni Léon Tshilolo wa hospitali ya Monkole huko Kinshasa. Siku za maumivu makali zilipungua kwa zaidi ya nusu. Kuwekewa damu kulipungua, na vifo pia vilipungua. Ni vidonge vya kunywa, lakini havinywewi ovyo: mganga huandika kipimo chake na kupima damu mara kwa mara. Havipatikani kila mahali, na fedha yake hushinda wengi. Kwa hiyo mzazi asione haya kuuliza katika hospitali kubwa, wala asikate tamaa akijibiwa kwamba havipo. Mambo ya kila siku yabaki yale yale: maji mengi ya kunywa, chandarua usiku, chanjo zote, penisilini kwa mtoto mdogo kama mganga alivyoagiza, asidi foliki, na kujikinga na mvua na baridi ya alfajiri.

Turudi kwa furaha. Mgonjwa wa kwanza wa selimundu aliyeandikwa katika vitabu vya uganga vya Marekani alikuwa kijana Mweusi kutoka kisiwa cha Grenada, jina lake Walter Clement Noel. Alifika Chicago mwaka 1904 kusomea uganga wa meno. Alilazwa hospitali mara nyingi, na mwaka 1910 daktari James Herrick akachapisha habari za chembe zake za ajabu. Vitabu vyamkumbuka Herrick kwa jambo hili. Sisi twapenda kukumbuka jambo la pili: kijana yule alimaliza masomo yake, akarudi Grenada, akafungua kazi yake katika mji wa St. George's, akatibu meno ya watu wa kwao mpaka alipofariki mwaka 1916. Maisha yake hayakuwa marefu. Hakuwa na hidroksiyurea wala penisilini, na waganga hawakujua hata maumivu yake yalitoka wapi. Lakini kati ya maumivu moja na maumivu mengine, alikuwa daktari wa meno.

Maneno hayo, «kati ya maumivu moja na mengine», twataka myashike. Siku za afya za mwenye SS si chumba cha kungojea. Ndizo maisha yake. Na kazi ya mtu huyu, na utume wake, havina budi kukatwa kwa kipimo cha siku hizo, kama fundi akatavyo nguo kwa kipimo cha kitambaa alicho nacho.

Tumfikirie msichana mmoja wa Mangobo, ambaye hatumtaji jina kwa sababu wanaofanana naye ni wengi. Amejifunza kushona. Hapo mwanzo alipokea vikwembe vyote alivyoletewa, akaahidi kila mtu kabla ya Noeli, akakesha, akasahau kunywa maji; juma lile lile akaanguka, na wateja wakanuna. Hakufanya uvivu, alifanya kazi kama mtu mwingine, kumbe yeye si mtu mwingine. Sasa ashona asubuhi, jua likiwa bado si kali. Chupa ya maji iko karibu na cherehani. Hapokei kazi ya mkesha wa siku kuu. Amepatana na mwenzake mmoja, kwamba siku akilala, mwenzake amalize nguo zilizobaki na kupata sehemu yake ya fedha. Na wateja amewaambia kweli: «Mimi ni mgonjwa wa SS, nguo yako itakuwa tayari, lakini usinibane siku.» Wengine walikwenda zao. Waliobaki humletea watoto wao wapimwe nguo za shule.

Twapenda hasa kule kusema kweli. Ugonjwa usioonekana huwa na mzigo wa pili, nao ni kuuficha. Mtu hutumia nusu ya nguvu zake akicheka ili asigunduliwe. Anayeutua mzigo huo mbele ya watu wachache anaowaamini hupata nguvu za kufanya jambo jingine. Si lazima atangaze sokoni. Watu watatu au wanne, mwalimu wake, kiongozi wa kwaya, jirani mmoja, yatosha. Lakini ndugu, hao wanne waweze kutunza siri. Hapo twawasihi ninyi msikilizao kuliko tunavyomsihi mgonjwa.

Baba paroko nao na viongozi wa vyama wanaweza kufanya mambo madogo. Mwimbaji asiyeweza kusimama Misa nzima apewe kiti, wala asitazamwe. Mtoto asiyeweza kufyeka kiwanja cha kanisa apewe kazi ya kuandika majina. Na mpako wa wagonjwa usiogopwe. Wazee wetu waliuita mpako wa mwisho, hata padri akifika na mafuta watu walianza kulia msiba. Mtaguso wa Vatikano wa pili ulilifafanua jambo hilo, na tangu utaratibu mpya wa mwaka 1972 yafahamika wazi kwamba ni sakramenti ya kumtia nguvu mgonjwa aliye hai, tena aweza kuipokea zaidi ya mara moja ugonjwa wake ukizidi.

Vijana wanaotaka kuoana hutuuliza kama yafaa kupima damu kwanza. Yafaa sana, na mapema, kabla ya posa na mahari, kabla familia mbili hazijaketi pamoja; siyo juma la harusi. Kujua si kukatazwa. Kanisa halimkatazi AS kumwoa AS, wala halimkatazi mwenye SS kuoa au kuolewa. Lakini wanaoingia wakijua, huingia kwa macho wazi: mtoto akizaliwa watampima mapema, naye atapata ulinzi tangu miezi ya kwanza, kabla vidole havijaanza kuvimba. Wengi hufa kabla ya kutimiza miaka mitano bila mtu kutambua waliugua nini. Na kijana asimwache mchumba wake kwa matusi kwa sababu ya karatasi ya hospitali. Wakiamua kuachana, waachane kwa heshima, na habari ya damu ya mwenzake ife naye.

Limebaki swali moja, lililotufikia kutoka Lubunga. Aliyeliandika ni mwenyewe mgonjwa. Auliza: «Nifanye nini siku ambayo siwezi kufanya kitu, hata kusali?»

Twakujibu, ndugu yetu: siku hiyo usifanye kitu. Usisali, sisi tutakusalia, na jamaa zako pia. Kazi ya siku hiyo ni ya wale walio karibu nawe, nao waifanye tangu ukiwa mzima. Mtungi wa maji safi ukae karibu na kitanda. Blanketi liwe kavu. Dawa ya maumivu aliyoiandika mganga iwe mahali ambapo kila mtu wa nyumba apajua, hata gizani, na karatasi ya damu yako iwe pamoja nayo. Na kwa kuwa mto uko kati yako na hospitali kubwa, wala hakuna daraja, fedha za kivuko ziwekwe kando, zisiguswe kwa chumvi wala kwa sabuni. Tena atafutwe mvushaji mmoja mwenye mtumbwi mzuri, akubali kuamshwa saa yoyote ya usiku. Aende ndugu yako mkubwa akaongee naye juma hili, kabla mvua hazijaanza.